Mageuzi
Tangu vuguvugu la vyama vingi la miaka ya 1990, Mkenya akisikia "mageuzi" husikia kurekebisha: katiba, polisi, mahakama. Ndiyo maana neno hilo likihamia kwenye biolojia, wengi hudhani viumbe vimekuwa vikipanda daraja hadi kumfikia binadamu. Lakini mzizi wake hubeba maana ya kugeuka tu, na anayegeuka si lazima awe anapanda.

Mkitaka kuliona hilo, nendeni Makumbusho ya Taifa, pale mkitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Westlands, mkamtazame mvulana wa Turkana, kisukuku ambacho kipande chake cha kwanza kilionwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984. Jamii yake, Homo erectus, ilidumu zaidi ya miaka milioni 1.5. Sisi tuna takriban 300,000. Bakteria wana mabilioni! Kama kudumu ndiko ubora, sisi ni wageni wa juzi. Hata kufaulu kuzaana na kuenea hakumpi kiumbe cheo. Ubora ni hukumu, na hukumu hudai kipimo kitajwe. Mwalimu wa Kangemi au Kawangware anayefundisha somo hili ningemwomba aseme "mageuko", neno lisilobeba ahadi za wanasiasa.