Ndoana Moja Yatosha Naivasha

Samaki aitwaye kapu alionekana mara ya kwanza katika Ziwa Naivasha mwaka wa 2001. Inaaminika alisombwa na mafuriko kutoka mabwawa ya kufugia samaki upande wa Mto Malewa. Miaka kumi baadaye alikuwa akijaza nyavu za Karagita na Kamere kuliko samaki wote waliomtangulia. Kwa hiyo anayefika ziwani na mshipi Jumamosi mojamoja hana haja ya kuuliza kama kapu yupo. Aulize amtegee nini.

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu kumvua kapu umetoka Uingereza, na unatisha kwa wingi wa vifaa. Lakini tuangalie sababu yake. Kule kapu hupimwa uzito, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini. Huishi miaka mingi, na kila anaponaswa huzidi kuwa mjanja, ndipo mvuvi naye hulazimika kubuni mtego mpya. Kapu wa Naivasha akivuliwa huishia kwenye kikaango. Mitego ile inamtatulia Mwingereza tatizo ambalo sisi hatuna.

Isitoshe, hata huko vifaa vichache vimetosha: mvuvi Richard Walker alivunja rekodi ya Uingereza mwaka wa 1952 katika bwawa la Redmire kwa mkate uliochomekwa kwenye ndoana moja. Samaki alikuwa na kilo 20 hivi. Bwawani humo humo, mwaka wa 1980, Chris Yates alimpita kwa punje za mahindi matamu.

Kuna jambo moja la Waingereza ambalo ningelichukua bila kusita. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wavuvi Lenny Middleton na Kevin Maddocks walitambua kwamba chambo hakipaswi kuifunika ndoana. Kapu hana meno kwenye taya. Meno yake yako kooni. Hunyonya matope, huchuja, hutema asichokitaka. Chambo kikining'inia kwa uzi mwembamba chini ya ndoana tupu, hukinyonya bila wasiwasi, na anapotaka kutema, ndoana humchoma mdomoni.

Wavuvi wa Ukraina walikaribia hapo kwa njia yao: hufunga kipande cha mashudu ya alizeti yaliyoshindiliwa, na ndoana hukaa kandokando yake. Wale wa Afrika Kusini hufinyanga donge la unga wa mahindi kuzunguka chubwi, na ndoana hulala jirani. Desturi hizi mbili ziko karibu nasi kuliko ile ya Uingereza, maana mashudu huuzwa kwenye maduka ya chakula cha mifugo, na ugali hauna haja ya kutafutwa.

Basi, mshipi imara, chubwi inayoteleza, ndoana moja, na uzi mfupi wenye punje mbili za mahindi makavu yaliyolowekwa na kuchemshwa hadi yalainike. Zungushia chubwi ugali mgumu au mashudu yaliyoloweshwa. Chubwi iteleze, kwani mshipi ukikatika kwenye mafunjo, samaki hataachwa akiburuta uzito.

Na viboko, hili si la kupuuzwa. Jioni hutoka majini kwenda malishoni, na aliyesimama kwenye njia yao yuko hatarini. Kaa mahali peupe, mbali na mafunjo, uwe umekunja mshipi kabla jua halijazama. Mwenye ndoana moja hukunja kwa dakika chache. Mwenye fimbo tatu na meza ya vifaa bado atakuwa akifungua mafundo.