Sheikh Amri Abedi wa Ujiji, Mtunzi wa Mashairi na Waziri wa Sheria

Kila mwanafunzi aliyesoma historia ajua habari ya mwembe wa Ujiji, na wale wageni wawili, Stanley na Livingstone, waliokutana pale mwaka wa 1871. Habari hiyo imesemwa mara nyingi mno, nasi hatutaki kuirudia. Leo twataka kueleza habari za mtoto wa Ujiji mwenyewe, aliyezaliwa mwaka wa 1924, akawa mshairi, akawa mjumbe wa Bunge, kisha akashika Wizara ya Sheria ya Tanganyika naye hakuwa mwanasheria. Jina lake ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi walijuao jina hilo hulijua kwa ajili ya kiwanja cha mpira cha Arusha kilichopewa jina lake. Si vibaya, lakini mtu huyu alikuwa na kazi kubwa kuliko kiwanja.

Yafaa kwanza tuutazame mji aliozaliwa. Ujiji ni mji wa watu wa makabila mengi. Waha ndio wenyeji wa nchi; Wamanyema walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo; Warundi, Wabembe na watu wa pwani walikuja kwa biashara ya pembe, chumvi, mawese na samaki, na wengi wakakaa. Mwuza dagaa na mnunuzi wake huenda wasisemezane nyumbani kwa lugha moja, lakini sokoni husemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Ujiji hakikuletwa na serikali wala na shule. Kilikuwapo kabla ya Wadachi kufikisha reli yao Kigoma mwaka wa 1914, nacho kilikuwa lugha ya kupatana. Twaona jambo hili halina budi kukumbukwa, maana mtu aliyekulia mahali kama hapo hawezi kudhani kwamba lugha ya kupatana sokoni haifai kutumika barazani.

Kijana Amri alisoma Ujiji, kisha Tabora, katika shule iliyotoa viongozi wengi wa Tanganyika. Baadaye aliingia katika kazi ya dini ya jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mmoja wa waliosaidia tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka wa 1953, na alikwenda Pakistan kuongeza elimu ya dini. Kazi ya kufasiri ni shule ya namna yake. Mfasiri hawezi kupita juu ya neno asilolielewa, kama apitavyo msomaji. Hana budi kusimama hapo mpaka apate neno la kufaa, au akiri kwamba halipo.

Mwaka wa 1954 kilipigwa chapa kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Katika kitabu hicho alieleza kwa utaratibu mambo ambayo washairi wa pwani walikuwa wakiyajua kwa kusikia na kwa mazoea: vina, mizani, vipande na beti. Shairi la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili. Mtu wa Kibirizi au Kasulu, asiyekuwa na babu mshairi wa kumfundisha, sasa aliweza kununua kitabu, kuzisoma sheria, na kujaribu mwenyewe. Wako waliosema baadaye kwamba sheria hizo zinabana mno, hasa tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka wa 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ugomvi huo ulikuwa mkali na hatuingii ndani yake. Lakini hata hao waliozivunja sheria walizivunja wakizijua, na wengi walizijua kwa sababu Amri aliziandika.

Sasa angalieni neno moja. Kwa Kiswahili shairi hutungwa, na sheria hutungwa vilevile. Baraza la serikali ya Kiingereza, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1926, watu waliliita Baraza la Kutunga Sheria. Kwa miaka 19 ya kwanza hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka wa 1945. Hata hao walikaa katika baraza ambalo mazungumzo yake yalikuwa kwa Kiingereza. Basi nchi ilikuwa na watunzi wa mashairi kwa maelfu, waliofahamu kupima neno kwa mizani, lakini sheria zilizowahusu zilitungwa kwa lugha wasiyoisikia.

Amri Abedi alifika huko kwa njia ya siasa ya TANU. Mwaka wa 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo TANU ilipata viti 70 katika 71, na mtoto wa Ujiji akawa mjumbe wa Kigoma katika Baraza lile ambalo kwa uhuru wa 1961 liligeuka kuwa Bunge. Na mwaka wa 1963 Rais Nyerere alimpa Wizara ya Sheria, iliyokuwa mikononi mwa Chifu Abdallah Fundikira.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini asichaguliwe wakili? Jibu ni kwamba mawakili Waafrika wa Tanganyika wakati wa uhuru walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Serikali iliyopita ilipeleka vijana kusomea ualimu, uganga na kilimo, lakini sheria haikutaka wajifunze. Skuli ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache tu kabla ya uhuru, katika nyumba ya TANU ya Mtaa wa Lumumba, nayo ilianza na wanafunzi wasiofika 20.

Ili tuione kazi aliyoikuta, tutoe mfano. Tuseme watu wawili wa Katubuka wagombania michikichi mitano iliyo mpakani mwa mashamba yao. Mmoja asema aliipanda babu yake. Wa pili asema babu yule aliazimwa tu.

Kama ugomvi huu ungetokea mwaka wa 1949, ungepelekwa katika baraza la wenyeji, mbele ya mtwale au liwali. Hapo shauri lingesemwa kwa lugha ya watu, wala wakili hakuruhusiwa kuingia. Jambo hilo lilikuwa jema kwa maskini. Lakini aliyeshindwa akitaka rufani, rufani yake ilikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo huko Tabora, na mwisho kwa Gavana. Yaani yule yule aliyetoza kodi na kutuma askari ndiye aliyehukumu. Mahakama Kuu, yenye majaji waliosomea sheria, ilikuwa na mlango wa pembeni ambao mashauri kama haya ya Waafrika hayakupita. Nchi moja ilikuwa na ngazi mbili za haki, na mtu alionyeshwa ngazi yake kwa kutazamwa rangi. Mwaka wa 1951 ilitungwa sheria mpya iliyobadili majina na kuweka mahakama ya rufani juu ya wakuu wa majimbo, lakini ngazi zilibaki mbili.

Ngazi hizo mbili zilifanywa moja kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka wa 1963, Amri Abedi akiwa Waziri, nayo ilianza kutumika mwaka wa 1964. Tangu hapo shauri la michikichi lilianza katika Mahakama ya Mwanzo, mbele ya hakimu aliyekaa pamoja na wazee wa baraza. Rufani ilikwenda Mahakama ya Wilaya, na kutoka huko Mahakama Kuu, ambayo kwa miaka mingi watu wa Kigoma waliifuata Tabora. Mkuu wa wilaya aliondolewa katika kiti cha hukumu. Mhindi, Mzungu na Mha wakapita mlango mmoja. Kwa maoni yetu hili ni moja katika mabadiliko makubwa ya miaka ile, na ni ajabu kwamba halisemwi sana, pengine kwa kuwa halikuwa na ngoma wala bendera.

Lakini ngazi ilipokuwa moja, lugha zilibaki mbili. Katika Mahakama ya Mwanzo mtu wa Katubuka alisema na kusikia Kiswahili. Shauri lake likipanda hadi Mahakama Kuu, lilivikwa nguo ya Kiingereza: maneno yake mwenyewe yalifasiriwa, hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza, naye akasimama nje akimwuliza karani kama ameshinda au ameshindwa.

Amri Abedi alikuwa miongoni mwa wale waliotaka nguo hiyo ivuliwe. Waliompinga walisema Kiswahili hakina maneno ya sheria. Neno hilo ni kweli nusu. Hakimu, kadhi, wakili, shahidi, hati, dhamana, rufani, mdai na mdaiwa ni maneno ya Kiswahili, nayo yalitumika pwani kabla ya Mwingereza kuweka mahakama huku. Lakini mengine hayakuwapo, na mengine yalikuwa na maana mbili au tatu, jambo ambalo ni hatari, maana mtu aweza kupoteza shamba kwa neno moja lenye maana mbili. Kazi iliyotakiwa ilikuwa ile ile ya mfasiri: kusimama mbele ya neno mpaka lipatikane lifaalo.

Hatutaki mdhani kwamba yote ya wakati wake yalikuwa mema. Sheria ya mwaka wa 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini pasipo kufikishwa mbele ya hakimu, ilikuwa imekwisha pitishwa alipoingia wizarani, nayo iliendelea. Tena mwaka wa 1963 serikali ilitangaza mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zikiwa zimekusanywa na kuandikwa pamoja. Kusudi lilikuwa mahakimu wasihukumu kwa kubahatisha. Lakini mila ikisha kuandikwa huwa ngumu kama jiwe, na humo yaliandikwa mambo ya urithi na ya mashamba ya ukoo yaliyomweka mwanamke nyuma ya mwanamume. Wanawake wengi walipoteza haki kwa karatasi hiyo. Ilipofika mwaka wa 1990 ndipo Jaji Mwalusanya, katika shauri la Bi Holaria Pastory wa Bukoba, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba aweza kuliuza kama mwanamume.

Sheikh Amri hakukaa sana katika kiti cha sheria. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 alipewa wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa. Kazi hiyo ilimfaa mshairi, lakini hakupata nafasi ya kuifanya. Alifariki Oktoba mwaka huo huo katika Ujerumani ya Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40. Mshairi mwenziwe wa Ujiji, Saadani Kandoro, aliishi akaendelea kuandika miaka mingi baada yake.

Jambo la lugha ya mahakama lilichukua muda kuliko alivyoweza kufikiri mtu wa 1964. Mwaka wa 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika kazi zake, na Baraza la Kiswahili likaundwa. Mwaka wa 1968 orodha ya maneno ya sheria kwa Kiswahili ilitolewa Dar es Salaam. Kisha miaka ikapita, na hukumu za Mahakama Kuu zikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wanasheria wenyewe sasa walikuwa Watanzania, lakini walikuwa wamesomea Kiingereza na walikizoea. Mapema mwaka wa 2021 ilijulikana kwamba Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu ya Musoma ameandika hukumu kwa Kiswahili, na Rais Magufuli akampandisha kuwa Jaji wa Rufani. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikitumika pale tu haki itakapolazimisha, na kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikaanza. Tangu siku Amri Abedi aliposhika wizara hadi hapo ilikuwa yapata miaka 58.