Umekloni Repo na Folda Iko Tupu? Cheki Vile Utavuta Repo Zilizo Ndani

Tuseme uko Lambwe, hapo karibu na mbuga ya Ruma, bando ni ya kuhesabu na simu ndiyo inapea lapi intaneti. Unakloni mradi wa msee kutoka GitHub, inamaliza, unafungua: folda iko, ndani hakuna kitu. Programu inakataa kuwaka. Usifute uanze upya. Hiyo bando haitarudi.

Hapo umepatana na submoduli. Git, ile Linus Torvalds alianzisha 2005, inaruhusu repo moja kuwa na ingine ndani. Lakini ile kubwa haibebi mafaili ya ile ndogo. Inaweka anwani yake kwa faili inaitwa .gitmodules, halafu inashika namba ya komiti moja tu. Ni kama umeelekezwa kwa duka lakini hujanunuliwa unga.

Kama ushakloni, ingia ndani ya mradi uchape:

git submodule update --init --recursive

Hiyo --recursive inashuka mpaka submoduli zilizo ndani ya submoduli (ziko, manze, na zinaudhi). Network ikikatika, rudia hiyo hiyo. Zilizomaliza hazivutwi tena. Ile ilikatikia njiani ndiyo inaanza mwanzo.

Kama hujakloni bado, okoa bando mapema:

git clone --recurse-submodules --depth 1 --shallow-submodules ANWANI

Hii inaacha historia yote ya zamani, na kwa mradi mkongwe historia ndiyo hukula bando. Seva ikikataa, toa --shallow-submodules. Na usishushe ZIP ya GitHub ukidhani ni njia ya mkato: submoduli hazimo, na Git yenyewe haimo, so hizo komandi hazitakusaidia.

Ukiona "Permission denied (publickey)", mwenye mradi aliandika anwani ya SSH na wewe huna ufunguo. Repo ikiwa ya umma, ambia Git itumie https:

git config --global url."https://github.com/".insteadOf "git@github.com:"

Kisha rudia update.

Sasa ngori ingine. Baadaye ukipiga git pull, repo kubwa inasonga mbele lakini folda za ndani zinabaki kwa komiti ya zamani. Piga update tena kila mara. Kuna wasee watakushow uongeze --remote. Mimi siwezi, kama mradi si wangu: hiyo inaleta komiti mpya zaidi ya tawi, si ile mwenyewe alipima nayo.

Na ukitaka kubadilisha kodi (si ile ya KRA) ndani ya submoduli, fungua tawi kwanza, git switch -c jina, juu update hukuacha bila tawi. Halafu sukuma ndogo kabla ya kubwa. Ukigeuza, mbogi yako itavuta namba ya komiti yenye iko kwa lapi yako peke yake. Kwa repo kubwa tumia git push --recurse-submodules=check, itakataa kama ndogo hujasukuma.