Miwani ya jua haitoshi mbele ya tanuri: Namna ya kulinda macho unapochoma kioo, tofali au chuma

Ukisimama mbele ya tanuri la kioo lililoshika moto, ngozi ya uso inakuambia mara moja kwamba joto limezidi, nawe unarudi nyuma. Jicho halikuambii hivyo. Lenzi iliyo ndani yake haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo inaweza kuungua kidogo kidogo kwa miaka bila mwenyewe kusikia maumivu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanavaa miwani nyeusi ya jua, wanaona mwanga umepungua, wanaamini wamejikinga. Kumbe kinachoharibu jicho mbele ya tanuri ni mionzi ambayo jicho halioni kabisa.

Kakonko inahusikaje?

Tanuri la kioo si jambo la kila siku katika nyanda za juu za Kigoma. Kwa Tanzania kazi hiyo utaikuta Dar es Salaam, ambako kiwanda cha Kioo Limited hutengeneza chupa, na Arusha, ambako karakana ya Shanga huyeyusha chupa zilizotumika na kufanya shanga, glasi na mapambo. Shanga inajulikana pia kwa kuajiri watu wenye ulemavu. Kwa jirani zetu Kenya, Kitengela karibu na Nairobi kuna mafundi wanaopuliza kioo kutokana na chupa na vioo vya madirisha vilivyokuukuu.

Lakini moto wa jamii hiyo upo Kakonko, Kibondo na Kasulu. Upo kwenye matanuri ya matofali ya kuchoma, kwa wahunzi, na kwa mafundi wanaochomelea mageti na madirisha kando ya barabara. Kijana anayechochea tanuri la tofali leo anaweza kesho kupata kibarua cha kioo mjini. Kanuni za macho ni zile zile, ila miwani inatofautiana.

Joto linafika wapi?

• Kuunganisha vipande vya kioo tanurini: takriban nyuzi 750 hadi 820 za Selsiasi.
• Kuyeyusha kioo hadi kiwe kama uji wa kupulizwa: zaidi ya nyuzi 1,100.
• Kuchoma matofali: mara nyingi nyuzi 900 hadi 1,000.

Kitu chochote chenye joto la namna hii hutoa mionzi mingi ya joto, ambayo wataalamu wanaiita mionzi ya infraredi. Rangi nyekundu au ya chungwa unayoiona ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka pale.

Jicho linaharibikaje?

Mionzi ya joto inapita kwenye uso wa jicho na kuingia ndani. Lenzi haina mishipa ya damu ya kuipoza, hivyo joto linakaa. Likirudiwa kila siku, lenzi inaanza kuwa na ukungu. Huo ndio mtoto wa jicho.

Ugonjwa huu ulijulikana zamani kwa wapuliza kioo wa Ulaya hata ukaitwa kwa jina la kazi yao. Mwaka 1914 mwanasayansi wa Uingereza, William Crookes, alichapisha matokeo ya kazi yake ya kujaribu mamia ya michanganyiko ya kioo, akitafuta miwani ya kuwakinga wafanyakazi hao.

Kwa kawaida unachukua miaka mingi kujitokeza. Ndiyo maana fundi wa miaka 25 anasema "mimi mbona sijawahi kuumwa macho", na anasema kweli. Bili inakuja baadaye.

Dalili za kuangalia: kuona kama kuna moshi mbele yako, taa za magari kukutawanyikia usiku, rangi kufifia, na kubadilisha miwani ya kusomea mara kwa mara.

Kwa nini miwani ya jua haifai?

Miwani ya jua imetengenezwa kupunguza mwanga unaoonekana na mionzi ya urujuanimno ya jua. Nyingi hazizuii mionzi ya joto. Tena giza lake linaifanya mboni ipanuke, na mlango ukiwa wazi zaidi, kinachoingia nacho kinaongezeka.

Miwani myeupe ya plastiki ngumu ni nzuri kwa vipande vinavyoruka, lakini nayo haizuii joto la tanuri vya kutosha.

Moto upi, miwani ipi?

• Kuchungulia tanuri la kioo au la tofali: miwani yenye kioo cha kijani cha kuchomelea, namba 3 hadi 5, au miwani maalumu ya tanuri.
• Kuchomelea kwa gesi: namba 4 hadi 8, kutegemea ukubwa wa moto.
• Kuchomelea kwa umeme: kofia yenye kioo cha namba 10 hadi 13. Namba 5 hapa ni hatari.
• Kukata, kuvunja au kusaga kioo: miwani myeupe isiyopasuka, iliyoziba pembeni.
• Kuchezea kioo kwenye mwali wa gesi, kama kutengeneza shanga: mafundi hutumia miwani ya didimiamu. Inaondoa ule mng'ao wa njano unaotoka kwenye kioo ili fundi aone kazi yake. Peke yake haizuii mionzi ya joto vizuri, hivyo mbele ya tanuri isitegemewe.

Ukienda dukani usinunue kwa rangi. Tafuta maandishi kwenye kioo au fremu: EN 169 au EN 171 kwa vipimo vya Ulaya, Z87 kwa vya Marekani. Kioo cheusi kisicho na alama yoyote hakina ushahidi kwamba kinazuia chochote.

Kabla ya kuwasha

• Vaa pamba au jinsi. Nguo ya nailoni au poliesta ikipata cheche inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.
• Viatu vya kufunika mguu, siyo kandambili.
• Weka ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya kuosha jicho au kupoza ngozi iliyoungua. Usimwagie maji kioo cha moto wala tanuri la umeme.
• Ondoa watoto na watazamaji. Mtu asiye na miwani haruhusiwi kuchungulia, hata kidogo.

Wakati wa kazi

• Chungulia kwa sekunde chache, kisha geuka. Ukisogea nyuma hatua mbili tatu, joto linalokufikia linapungua sana.
• Simama pembeni mwa mlango, siyo usawa wake.
• Tanuri la umeme: zima swichi kabla ya kuingiza kifaa cha chuma.
• Usifungue tanuri kwa haraka ya kuona kazi. Kioo kikipigwa na hewa baridi kikiwa na moto kinaweza kupasuka na kurusha vipande. Kiache kipoe taratibu, saa nyingi, hata usiku kucha.
• Usipulize wala kufagia vumbi kavu la unga wa tanuri au la sufi ya kuzuia joto. Lilowanishe, uvae barakoa ya vumbi. Vumbi hilo linaingia machoni na linaharibu mapafu.

Ukiumia ufanye nini?

Kipande kidogo au vumbi limeingia: usisugue. Osha kwa maji safi mengi huku ukipepesa jicho. Likibaki, nenda kituo cha afya.

Kipande kimechoma jicho: usikitoe. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi au kitu kisichobonyeza, kisha wahi hospitali.

Macho yanawasha kama yametiwa mchanga, saa kadhaa baada ya kuchomelea kwa umeme: ni kuungua kwa uso wa jicho. Mara nyingi hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini pimwa. Wapo wanaotia maziwa au kubandika viazi. Maziwa yanaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lenye kidonda. Acha.

Ukungu unaoongezeka: anza hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji wa kuweka lenzi bandia, na huduma kubwa za macho zipo Bugando Mwanza, KCMC Moshi, na Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Kutoka Kakonko hiyo ni safari, nauli na siku bila kibarua. Miwani ni nafuu kuliko vyote hivyo.

Haki yako kazini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe vifaa vya kinga vinapatikana. Miwani ya tanuri siyo zawadi ya bosi.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa WCF, ambao hulipa fidia kwa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Tatizo la mtoto wa jicho ni kwamba unakuja miaka mingi baadaye, pengine kibarua ameshahama na tajiri hamkumbuki. Kwa hiyo tunza mkataba au hati za malipo, andika tarehe ulizofanya kazi ya moto, toa taarifa ya kila ajali mapema, na pima macho unapoanza kazi ili kuwe na kumbukumbu ya kulinganisha.

Kwa vibarua wa tofali wasio na mkataba, njia rahisi ni kuafikiana na mwenye tanuri kabla moto haujawashwa: miwani miwili ya namba 3 hadi 5 ikae pale, na anayechochea ndiye avae.