Tabia rafiki kwa mazingira nyumbani na ofisini: Newala na Masasi tuanzie wapi?

Tabia rafiki kwa mazingira ni mambo madogo ya kila siku yanayopunguza matumizi ya maji, kuni, mkaa, umeme na plastiki. Ushauri wa aina hii ni mwingi, lakini sehemu kubwa umetolewa kwa ajili ya watu wa miji mikubwa. Katika makala haya tunauangalia kwa upande wa mkazi wa Newala na Masasi, ambako jambo la kwanza ni maji.

Kwa nini tunaanza na maji?

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Udongo wa uwandani ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji hayatuami juu. Yanazama ardhini na kutokeza kama chemchemi chini ya miteremko. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya shida hiyo hiyo.

Leo maji ya bomba ya Newala na Tandahimba hutegemea zaidi visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, chini ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950. Pampu ndizo zinazoyapandisha juu. Masasi iko chini, magharibi mwa uwanda, kati ya milima yake ya mawe. Yenyewe na Nachingwea hutumia maji ya chanzo cha Mbwinji. Kwa hiyo ndoo moja inayomwagika bure ni hasara mara mbili: maji yamepotea, na nishati iliyoyasukuma imepotea pia.

Bomba linalovuja lipime. Tega ndoo chini yake asubuhi hadi asubuhi ya pili. Ikijaa lita 20 kwa siku, basi kwa mwezi umepoteza lita 600, sawa na madumu 30. Kubadilisha mpira wa koki ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Bati lako ni chanzo cha maji

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 italeta lita 960. Hata sehemu ya tano ikipotea, unabaki na zaidi ya lita 750.

Swali ni namna ya kuyatumia, kwa sababu huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Simtanki la lita 5,000 kwa familia inayotumia lita 100 kwa siku litaisha baada ya siku 50. Lakini likitengwa kwa kunywa na kupikia tu, kwa lita 25 kwa siku, litafika siku 200, yaani karibu kiangazi chote. Maji ya kufulia na kudeki yatafutwe kwingine.

Mvua ya kwanza iache ioshe bati, usiikinge. Safisha mifereji kabla ya msimu. Funika tangi au kisima cha saruji vizuri, mbu wasizaliane na watoto wasitumbukie. Maji ya kunywa yachemshe au yatibu kwa dawa. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanafaa kudekia, na yaliyooshea mboga mwagia mpapai.

Jikoni

Mbaazi kavu zikilowekwa usiku kucha zinaiva mapema, na kuni zinazookolewa ni nyingi. Funika sufuria. Tumia kuni zilizokauka, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto dogo. Jiko banifu linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu yaliyo wazi. Mikorosho ikipogolewa, matawi yake ni kuni tayari, hakuna haja ya kukata miti porini.

Angalizo: maganda magumu ya korosho yasiwe kuni za jikoni. Yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa familia ambayo bado haiwezi kupikia gesi kila kitu, kuanza na chai na uji wa asubuhi tayari ni nafuu kwa msitu na kwa mapafu ya mama.

Takataka

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa unadumu miaka. Tenganisha maganda ya matunda na mabaki ya mboga uyafanye mboji. Mchanga wetu unaihitaji sana.

Kumbuka kuwa maji ya uwandani yanazama kwenda chini. Mafuta machafu ya pikipiki, betri kuukuu na mabaki ya viuatilifu vya mikorosho vikimwagwa hovyo vinaweza kufuata njia hiyo hiyo hadi kwenye chemchemi. Makopo ya viuatilifu yasitumike kamwe kuwekea maji au chakula. Na wakati wa kusafisha shamba, usichome majani bila kukata njia ya moto. Moto mmoja unaweza kuingia kwenye mikorosho ya jirani.

Ofisini na shuleni

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia huo, hula uniti 1.35. Zidisha kwa vyumba kumi uone tofauti kwenye LUKU. Wa mwisho kutoka azime taa, feni na kompyuta. Chapisha pande zote mbili za karatasi. Kwenye vikao, jagi la maji yaliyochemshwa na glasi linaondoa rundo la chupa za plastiki. Na kila ofisi au shule yenye bati iwe na mfereji na tangi, maana mapaa hayo ndiyo makubwa kuliko yote mjini.

Uanzie wapi?

Wiki hii fanya matatu: pima bomba linalovuja, loweka mbaazi usiku, badilisha balbu moja. Kisha kabla ya Novemba panda juu ukague mifereji ya bati lako.