Mchezo Uliokuwa Maneno Matupu

Mtu wa Lubumbashi akisikia habari za michezo ya intaneti ambamo maelfu ya watu hukutana, kila mmoja akijitwalia jina na umbo la shujaa, mchawi au mfua chuma, aghalabu hudhani kuwa hayo ni mambo ya picha za kung'ara, kompyuta za thamani na umeme usiokatika, na kwa hiyo si mambo ya mitaa yake ya Kamalondo wala Katuba. Walakini asili ya michezo hiyo haikuwa na picha hata moja. Mnamo mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga programu aliyoiita MUD, na tangu 1980 mwenziwe Richard Bartle akaiendeleza. Mchezaji aliandika amri, naye akajibiwa kwa sentensi zilizomweleza mahali alipo, njia zitokazo hapo, na nani aliyesimama mbele yake.

Watungaji hao hawakuwakusudia vipofu; mashine za zama zile ndizo zilizokuwa dhaifu. Lakini programu za kusoma skrini kwa sauti zilipoenea, mathalani JAWS iliyotoka Marekani mwaka 1989, ikadhihirika ya kwamba mchezo wa maneno humfikia asiyeona ukiwa kamili, haukupunguzwa kitu. Sauti humsomea kwa kasi ambayo sikio lisilozoea haliambulii neno: njia mashariki, mbwa-mwitu wawili, mmoja kajeruhiwa, na vidole vyake vimekwisha kujibu kabla mwenye macho hajamaliza kusoma mstari. Wenye mchezo wa Alter Aeon, ulioanza 1995, waliurekebisha makusudi kwa ajili ya wachezaji hao, ambao ni wengi humo.

Kisha zikaja picha: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest 1999, World of Warcraft 2004. Mlango ukafungwa, kwani programu ya kusoma haina la kusoma palipochorwa tu. Hata hivyo wapo wenye ulemavu mwingine waliopata nafasi humo humo. Mats Steen wa Norway, ambaye maradhi ya misuli yalimwacha na nguvu kidogo za vidole, alitembea katika World of Warcraft kwa jina la Ibelin. Na alipofariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 25, ndipo wazazi wake, waliodhani mwana wao aliishi mpweke, walipopokea salamu za rambirambi kutoka kwa marafiki wasiowajua.

Huruma ya makampuni, kwa kweli, ilihitaji kusukumwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliagiza mawasiliano ya kielektroniki yawafae wenye ulemavu, ila michezo ikapewa muhula hadi mwisho wa 2018. Kongo nayo ilipata sheria yake ya kulinda haki za watu wenye ulemavu mwezi Mei 2022.

Kwetu, pamoja na ulemavu, kuna uzito wa mfuko. Dofus, mchezo uliotoka Ufaransa mwaka 2004, huzungumza Kifaransa cha shuleni, na vita vyake hupiganwa kwa zamu, hata mwenye mkono mzito au mtandao wa kusuasua asubiriwe zamu yake. RuneScape, ilipoanza 2001, ilifunguka ndani ya kivinjari. Lakini hakuna kilicho chepesi kama maneno: mstari wa herufi 80 ni baiti 80 tu, na anayenunua mega kidogo kidogo ajua maana yake. NVDA, msomaji wa skrini aliyeanza 2006, hutolewa bure, na ndani yake imo sauti ya Kiswahili.

Lililobaki ni lugha, kwani michezo hiyo ya maneno imeandikwa kwa wingi kwa Kiingereza. Kuitunga kwa Kiswahili hakuhitaji mchoraji wala karakana; kijana wa chuo mwenye kompyuta kuukuu na subira ya kuandika vyumba mia, kama viitwavyo mahali pa mchezo, aweza kuanza wiki hii, nacho chumba cha kwanza kikawa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi.