Nani anaongoza hospitali ya zoni?

Mgonjwa anapozuiliwa hospitalini kwa kukosa kulipa, jamaa hulaumu daktari au mtu wa kasha. Lakini jambo hilo lina mizizi mirefu.

Tangu miaka ya 1980, kazi ya afya katika Kongo imegawanywa kwa zoni za afya. Mwanzoni zilikuwa 306. Leo zimepita 500. Kila zoni inapaswa kuwa na ofisi yake kuu, vituo vya afya, na hospitali kuu inayopokea wagonjwa wanaotumwa na vituo hivyo. Kanisa halikuwa mbali. Mradi wa SANRU, ulioanzishwa mwaka 1981 na Kanisa la Kristo katika Zaïre kwa msaada wa Marekani, ulisaidia zoni nyingi za mashambani kusimama. Hata sasa hospitali kama Panzi, kule Bukavu, ni ya Kanisa na wakati huohuo ni hospitali kuu ndani ya mpango wa serikali.

Zoni zilipewa uhuru wa kujipangia kazi. Pesa za serikali zilipokauka, uhuru huo ukageuka kuwa wa kujitafutia. Mgonjwa ndiye hulipa fishi, dawa na upasuaji, na mara nyingi pia posho ya muuguzi ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya serikali. Sehemu ya makusanyo hupanda kwenye ofisi za juu. Wafanyakazi nao hutumwa kutoka juu, hata kama hospitali haiwahitaji. Uhuru gani huo!

Katiba ya 2006 iliagiza asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki katika majimbo. Mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26, lakini asilimia hiyo haikutolewa kama ilivyoandikwa.

Kinachobaki mikononi mwetu ni kidogo, ila kipo. Hospitali ina kamati ya uongozi, na kituo cha afya kina kamati ambayo wanakijiji huchagua wajumbe wake. Humo mwumini anaweza kuomba kitabu cha kasha kifunguliwe, auliza makusanyo ya mwezi uliopita yalinunua dawa gani. Anaweza pia kudai bei moja ya jumla kwa kila huduma, ibandikwe ukutani, ili mama anayepelekwa kupasuliwa ajue deni lake kabla ya kulala kitandani.